Mbia ni Yule Anayeweza Kukataa

Hotuba kwa vijana wa kujitolea na viongozi wa vikundi vya misaada, Mtwara

Wazee wangu, shikamooni. Viongozi mliopo, nawaheshimu. Vijana, hamjambo?

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia hivi: "Mama, baadhi ya vijana hawa wanakwenda Msumbiji, wengine Malawi na Zambia, kufanya kazi na mashirika ya misaada ya kimataifa. Waambie ulichokiona." Hakunichagulia mada, na kwa hilo namshukuru, maana ninalo neno moja ambalo nimekaa nalo muda mrefu.

Mimi nilikuwa mtu wa ghala. Nilipokea shehena, nikahesabu magunia, nikasaini hati, nikahakikisha kilichoingia ndicho kilichotoka. Kazi ile haina picha nzuri, lakini ina elimu yake. Mtu wa ghala anaona kilichobaki. Wageni wameondoka, magari yenye bendera yameondoka, yeye bado yupo na vile vitu ambavyo hakuna aliyevitaka. Nimewahi kulala chumba kimoja na marobota ya mablanketi mazito ya sufu katika mji ambao usiku watu hulala nje kwa joto. Nimewahi kupokea maziwa ya unga ya watoto wachanga, maelezo yake yameandikwa kwa lugha ambayo hapakuwa na mtu wa kuisoma kuanzia bandarini hadi kijijini, na maji safi ya kuyakorogea hayakuwapo. Waliovileta siwataji, maana walivileta kwa moyo mweupe. Nasema tu kwamba katika safari yote ya mzigo ule, kutoka kiwandani hadi mlangoni kwangu, hakuna aliyemuuliza mama mmoja mwenye mtoto: unakitaka hiki?

Sisi watu wa pwani tunaujua ubia. Jahazi la ubia, huyu katoa chombo, yule katoa tanga na kamba, wa tatu ni nahodha, hana mali ila anaijua njia. Faida wanagawana, hasara wanagawana. Na nahodha akisema leo hatutweki, bahari imechafuka, chombo hakitoki, hata kama mwenye chombo ana fedha ya kununua majahazi mengine matano. Neno hilohilo, ubia, ndilo tunaloliandika kwenye maandiko ya miradi. Shirika la Ulaya na kikundi cha kijiji, wabia. Nimesoma makubaliano mengi ya namna hiyo. Yana kurasa za bajeti, kurasa za ripoti, kurasa za nembo ikae wapi kwenye fulana. Sijaona ukurasa unaosema wanakijiji wakikataa, itakuwaje. Mtu asiyeweza kukataa si mbia, ni mpokeaji. Hilo ndilo neno langu.

Nianze na lililo karibu nasi. Wengi wenu mnakumbuka Aprili 25, mwaka 2019, hapa hapa Mtwara tulivyoambiwa tutafute mahali salama, kimbunga Kenneth kinakuja. Kikapita kusini yetu, kikawashukia ndugu zetu wa Ibo, Quissanga na Macomia, kaskazini mwa Msumbiji. Wiki sita tu kabla yake, usiku wa Machi 14 kuamkia 15, kimbunga Idai kilikuwa kimepiga mji wa bandari wa Beira. Msumbiji peke yake ilizika watu zaidi ya 600, na wengine wengi walikufa Zimbabwe, upande wa Chimanimani, milima ilipoporomoka juu ya nyumba usiku.

Dunia iliona helikopta. Ni kweli zilikuja na ziliokoa watu, Mungu awalipe marubani wale. Lakini barabara ya kuingia Beira ilikuwa imekatika, simu zimekufa, na katika saa za mwanzo Wilaya ya Búzi ilikuwa bahari. Aliyeokoa katika saa zile ni mvuvi. Ni watu wa mitumbwi na boti ndogo, waliokwenda kuwatoa majirani juu ya miti na mapaa, wakawashusha ufukweni Beira wakiwa wamelowa na wamenyamaza. Haikuwa mara ya kwanza. Katika mafuriko makubwa ya mwaka 2000, mto Limpopo ulipofurika, picha iliyozunguka dunia ni ya mama aliyejifungulia juu ya mti akaokolewa na helikopta ya Afrika Kusini. Ukihesabu vichwa, waliookolewa na boti za Wamsumbiji wenyewe walikuwa wengi kuliko waliookolewa kutoka angani. Boti haikupigwa picha, basi.

Silisemi hili kuwadharau wageni. Wiki mbili baada ya Idai, kipindupindu kilithibitishwa Beira. Chanjo ya matone ilitoka kwenye akiba ya dunia, fedha zikatoka mbali, na kuanzia Aprili 3 watu zaidi ya 800,000 wakachanjwa katika siku chache. Waliokufa kwa kipindupindu kile hawakufika kumi. Fikirini mji uliovunjika, vyoo vimefurika, visima vimechafuka. Hakuna mvuvi ambaye angeitoa chanjo ile mfukoni. Na hakuna ndege ambayo ingejua mlango wa kila nyumba, watoto wangapi, nani yuko shamba, nani anaogopa sindano na aelezwe kwamba hii ni ya kumeza. Milango ile ilibishwa na vijana wa mitaa. Pale ubia ulikuwa ubia, kila mmoja alileta ambacho mwenzake hana.

Sasa niwaambie pale ulipokosekana.

Mwaka 2006, huko New York, mbele ya wakubwa wa dunia, zilitangazwa dola milioni 16.4 kwa ajili ya pampu ya maji inayoendeshwa na bembea ya kuzunguka. Iliitwa PlayPump, na ilibuniwa Afrika Kusini. Watoto wanacheza, bembea inazunguka, maji yanapanda kwenye tangi juu ya mnara, na mabango ya biashara kwenye tangi yanalipia matengenezo. Nani asingeipenda? Lengo lilikuwa pampu 4,000 katika nchi kumi ifikapo 2010. Zikachimbiwa Msumbiji, Malawi, Zambia na kwingineko, na mahali pengine pampu ya mkono iliyokuwa ikifanya kazi iling'olewa ili bembea ikae.

Watoto huchoka. Watoto huenda shule. Saa kumi na moja alfajiri, wakati wa kuchota maji, hakuna mtoto anayecheza bembea. Waliobaki kuizungusha ni akina mama, wengine wajawazito, wengine bibi wenye migongo inayouma, wanakisukuma kile chuma huku wameinama, na wengine waliona aibu kuonekana wakifanya vile barabarani. Ilipoharibika, fundi wa kijiji aliyeijua pampu ya mkono hakuwa na la kufanya, vipuri na mafundi vilitoka mbali. Bei ya moja ilitosha kuweka pampu kadhaa za kawaida. Mradi ukafa kabla ya mwaka wa lengo kufika. Wakati wahandisi na wafadhili wanabishana kuhusu sababu, jibu lilikuwa kisimani kila asubuhi. Mama yeyote angeulizwa "utaizungusha wewe?" angewajibu kabla ya dola ya kwanza kutoka benki.

Na nguo je? Hapa tunaita mitumba. Zambia wanaita salaula, maana yake kuchambua kwenye lundo. Nikiwa Msumbiji nilisikia watu wanasema wanakwenda sokoni kununua "calamidade". Nikauliza, kalamidadi ni nini? Ni maafa, kwa Kireno. Nguo kuukuu ziliingia kwa wingi miaka ya 1980, wakati wa vita na njaa, kama msaada wa maafa, na jina likabaki. Hadi leo kijana anavaa suruali inayoitwa maafa na haoni ajabu. Mimi niliona ajabu, na bado naona.

Jambo la kukataa lina ugumu wake, na sitaki mwondoke hapa mkidhani ni rahisi. Mwaka 2002 njaa ilizikumba nchi sita za kusini: Zambia, Zimbabwe, Malawi, Msumbiji, Lesotho na Swaziland, ambayo leo ni Eswatini. Zaidi ya watu milioni 10 walihitaji chakula. Marekani ilitoa mahindi, na sehemu ya mahindi yale yalikuwa ya mbegu iliyobadilishwa vinasaba. Malawi, Msumbiji na Zimbabwe zikatafuta njia ya katikati, kwamba yasagwe kwanza yawe unga, watu wale lakini yasipandwe. Rais Levy Mwanawasa wa Zambia akakataa hata unga. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likalazimika kuondoa nchini mahindi yaliyokwisha kuingia maghalani, na kutafuta mengine.

Mimi nilikasirika. Nakiri mbele yenu. Mtu wa ghala akisikia chakula kinatolewa kwenye nchi yenye njaa, moyo wake unachanika. Nikasema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ilinichukua miaka kuona kwamba nilikuwa nimekosea nusu. Nchi ile ilikuwa na haki ya kuogopa mahindi ya msaada yasije yakaingia kwenye mbegu za wakulima wake na kuwafungia soko la Ulaya. Na waliosema "ombaomba hachagui" walikuwa wanatwambia kwamba mwenye njaa hana tena kinywa cha kusemea, ana cha kulia tu. Hilo nalikataa hadi leo. Lakini nusu yangu nyingine bado inasimama. Mkulima wa Jimbo la Kusini la Zambia, ambaye watoto wake walikuwa wanakula matunda ya porini, hakuulizwa. Zamani watu wa mbali walimsemea "ndiyo". Mwaka ule watu wa mji mkuu walimsemea "hapana". Yeye mwenyewe aliendelea kunyamaza. Kwa hiyo ninaposema mbia ni yule anayeweza kukataa, simaanishi waziri na balozi. Namaanisha yule wa mwisho kwenye foleni.

Nitakaa kidogo kwenye mfano mmoja kwa sababu naupenda. Twende Tete, Msumbiji, kule ambako mto Zambezi unapita na joto linaunguza.

Miaka ya 2000 dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilianza kufika kusini mwa Afrika. Kabla ya hapo wakubwa wengi walisema Waafrika hawataweza kuzimeza kwa saa. Mei 2001, huko Khayelitsha, Cape Town, Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa dawa hizo kwenye kliniki za kawaida za serikali, bega kwa bega na wanaharakati wa Treatment Action Campaign, ambao wengi wao walikuwa wagonjwa wenyewe. Watu wakameza, wakapata nguvu, wakanenepa, wakarudi kazini. Hoja ikaisha. Ikabaki shida nyingine, njia. Tete kliniki ziko mbalimbali. Mgonjwa aliyepata nafuu alitakiwa aje kila mwezi kuchukua dawa. Anatembea siku nzima, analala nje ya kliniki, anapanga foleni, anaacha shamba wakati wa palizi. Mwezi wa kwanza anakuja, wa pili anakuja, wa tano haonekani. Kwenye daftari anaandikwa ametoroka matibabu. Ametoroka! Mtu aliyeshindwa nauli anaandikwa kama mfungwa.

Mwaka 2008 shirika lile lile, pamoja na idara ya afya ya mkoa, likafanya jambo ambalo lingefanywa kila mahali tungekuwa mbali. Liliwasikiliza waliokuwa wanakataa kuja. Jibu likawa vikundi vya watu wasiozidi sita, wanaofahamiana, majirani, wenye hali nzuri. Kila mwezi anakwenda mmoja kwa niaba ya wote. Kabla hajaondoka wanakutana kwa mmoja wao, wanahesabu vidonge vilivyobaki, kila mtu anasema anavyojisikia. Yule wa zamu anabeba kadi sita, anapimwa yeye, anaeleza habari za wenzake, anarudi na dawa za watu sita. Hesabu yake ni nyepesi, zamu yako inakufikia mara mbili kwa mwaka. Sisi tunaojua kupokezana zamu kwenye mchezo wa fedha na kwenye kulima kwa ujima tunaelewa mara moja.

Watu walidumu kwenye dawa, wengi mno kuliko walivyodumu kwa utaratibu wa zamani. Baadaye wizara ya afya ya Msumbiji ikauchukua utaratibu ule kuwa wa nchi, na ukaigwa Malawi, Zimbabwe na Lesotho. Nilikaa siku moja kando ya kikundi kama hicho, mimi nikiwa na vyandarua vyangu vya kugawa. Mwanamke mmoja alimwambia mwenzake, "Umebakiwa na vingi, hukumeza Jumapili." Yule mwingine akainamisha kichwa, akasema alikuwa na msiba, na wote wakanyamaza naye. Hakuna afisa wa mradi, hata angekuwa na moyo wa dhahabu, ambaye angeweza kusema maneno yale akasamehewa.

Malawi nitapita haraka, si kwa sababu hakuna cha kusema. Shirika la Mary's Meals kutoka Scotland lilianza huko mwaka 2002 likiwalisha uji watoto 200, na leo linalisha zaidi ya milioni moja katika nchi hiyo pekee. Uji wenyewe ni likuni phala, mahindi na soya, vitu vya nchi ileile. Wanaoupika ni mama zao, kwa zamu, wanaamka gizani kuwasha moto shuleni bila mshahara. Fedha ya mfadhili inanunua nafaka, na mwenye mtoto ndiye mwenye sufuria. Linganisheni na sheria ya Marekani iliyotaka nusu ya chakula chao cha msaada kisafirishwe kwa meli za bendera yao. Ninyi mtajua ni uji upi unafika ungali wa moto.

Kuhusu fedha nitasema kidogo. Mwaka 2016, Istanbul, wafadhili wakubwa na mashirika makubwa waliahidi kwamba ifikapo 2020 robo ya fedha za dharura ziwafikie wenyeji, moja kwa moja kadiri iwezekanavyo. Mwaka ulipofika, zilizowafikia moja kwa moja hazikufika hata asilimia 5. Halafu mwaka 2025 Marekani ikafunga shirika lake la misaada, USAID, na kliniki nyingi za kusini zikapoteza wauguzi na washauri waliokuwa wakilipwa na miradi. Vikundi visivyokuwa na mshahara wa kukatwa, kama vile vya Tete, havina wa kuvifunga, ila dawa zenyewe lazima zifike. Hapo ndipo kilio changu kwa nchi tajiri kilipo, na kwa serikali zetu pia.

Sasa, vijana, kuna jambo chungu, na ninawaambia kwa sababu mtakutana nalo. Baada ya Idai, wanawake walieleza kwamba baadhi ya viongozi wa mitaa, watu wa palepale, wenye daftari la majina, walidai fedha au miili yao ndipo waandikwe kupata chakula. Haikuwa mgeni. Alikuwa jirani. Kwa hiyo msije mkaniambia dawa ni kumpa mwenyeji kila kitu na kufumba macho. Mwenyeji mwenye daftari na mwanamke mwenye njaa si kitu kimoja. Mwaka uleule mashirika yakaanzisha namba moja ya simu ya pamoja, 1458, Linha Verde, bila malipo, ambayo mtu anaweza kupiga kulalamika au kuuliza. Ni jambo dogo ukilitazama kutoka ofisini. Kwangu mimi ni ule ukurasa nilioukosa kwenye makubaliano yote niliyosoma.

Lakini simu ina lugha. Tangu Oktoba 2017 vita vimewahamisha watu wa Cabo Delgado, mkoa ule wa kaskazini mwa Msumbiji, na kuna wakati waliohama walikaribia milioni moja. Wengine walivuka mto Ruvuma wakafika hadi kwetu huku. Wanazungumza Kimakua, Kimakonde, Kimwani, na wengi wanakijua Kiswahili. Matangazo ya misaada mengi yameandikwa Kireno. Mmwani wa Ibo akizungumza, mtu wa Mikindani anamwelewa nusu ya kwanza, na nusu ya pili anaikisia. Nimemwona mama akitia dole gumba kwenye fomu ambayo hakuelewa hata neno moja, mbele ya kijana mpole sana aliyedhani ameelewa kwa sababu alitikisa kichwa. Alitikisa kichwa kwa adabu. Kwetu sisi mtu mzima hamkatai mgeni usoni. Anasema "haya, mwanangu", na kwenye ripoti inaandikwa jamii imekubali.

Ninyi mnaijua "haya" ile. Mmelelewa nayo. Mnajua "haya" ya kukubali, na mnajua "haya" ya mtu anayetaka uondoke. Kijana aliyetoka Geneva na shahada zake tatu hataisikia tofauti hiyo, na si kosa lake.

Pale mezani karibu na mlango kuna daftari. Lina safu ya jina, ya simu, na nimeongeza safu ya lugha. Anayejua Kimwani aandike. Anayejua Kimakonde, Kimakua, Kiyao, Kichewa cha ng'ambo ya ziwa, aandike, hata kama ni cha kubabaisha alichofundishwa na bibi. Mratibu wenu atalichukua daftari hilo kesho asubuhi kabla hajapanga nani anakwenda ghalani na nani anakwenda kukaa na akina mama. Kwa wale wa ghalani, nitabaki hapa hadi saa kumi nikiwaonyesha namna ya kuandika kilichorudishwa na sababu yake.